Msitu Uliopunguzwa Majani

Sogeeni, wanangu. Mkitoka kutazama filamu ya katuni mnamkumbuka simba aliyenguruma na sungura aliyeteleza akaangukia mtoni. Lakini majani aliyokanyaga yule sungura, mawe, maji, anga na jua lililokuwa likichwa nyuma yake, vyote hivyo kuna mtu aliketi akavipaka rangi kimoja kimoja. Picha hiyo ya nyuma, wanamotembea wahusika, huitwa mandhari. Leo nataka niwaeleze inavyochorwa kwenye kompyuta na tableti, na nuru inavyopangwa ndani yake. Ila kompyuta itangoja kidogo, maana kwanza nawapeleka China.

Mwaka 1910, katika jimbo la Guangdong kusini mwa China, alizaliwa mvulana ambaye baadaye dunia ilimjua kwa jina la Tyrus Wong. Alikuwa bado mtoto mdogo alipovuka Bahari ya Pasifiki na baba yake kwenda Marekani. Mama alibaki nyumbani, na mvulana hakumwona tena maishani mwake. Walipofika, maofisa wa uhamiaji walimzuia peke yake katika kisiwa cha Angel Island, karibu na San Francisco, kabla ya kumruhusu kuungana na baba. Walikuwa maskini. Baba alitaka mwanawe ajue kuandika herufi za Kichina kwa brashi, na wino hawakuwa na uwezo wa kuununua. Basi akampa brashi, maji na magazeti ya zamani. Mtoto akichovya, akiandika, akitazama maji yakikauka na herufi ikitoweka, kisha akiandika tena palepale.

Lifikirieni zoezi hilo. Mpigo wa maji haurekebishiki. Mkono unalazimika kujua unakokwenda kabla ya kugusa karatasi, na unazoea kusema jambo kwa mpigo mmoja.

Kijana huyo akasomea sanaa Los Angeles, na mwaka 1938 akaajiriwa katika studio ya Disney. Hakupewa kazi ya maana. Alichora picha za katikati, zile zinazojaza nafasi kati ya mchoro mmoja wa Mickey Mouse na mwingine ili mwendo usikatike. Wakati huohuo studio ilikuwa inahangaika na filamu ya Bambi, iliyotokana na kitabu cha Felix Salten cha mwaka 1923, kisa cha kulungu mdogo anayekulia msituni. Tabu ilikuwa msitu wenyewe. Wachoraji walikuwa mahodari, nao walichora kila jani, kila kijiti, kila ufa wa gome la mti. Wakimweka kulungu wa kahawia katikati ya majani yote hayo, kulungu anamezwa. Jicho la mtazamaji halijui limfuate nani.

Wong alipopata habari hizo alikisoma kitabu, akaenda nyumbani akachora picha ndogondogo za msitu kwa namna yake. Alikuwa akiwapenda wachoraji wa China wa enzi ya Song, walioishi zaidi ya miaka mia saba iliyopita, ambao walichora mlima kwa mipigo michache na kuuacha ukungu ukamilishe yaliyobaki. Katika picha zake, mahali alipo kulungu palikuwa na nuru na majani machache yanayoonekana vizuri. Kadiri jicho linavyosogea pembeni, msitu unalegea, unakuwa rangi tu, kivuli na ukungu. Aliondoa majani mengi mno, na msitu ukazidi kuwa msitu.

Mkurugenzi wa sanaa Tom Codrick aliziona picha hizo, zikamfikia Walt Disney, na filamu nzima ikafuata mkondo wake. Bambi ilitoka mwaka 1942. Jina la Wong liliandikwa tu miongoni mwa wachoraji wa mandhari, na yeye alikuwa ameshaachishwa kazi mwaka 1941, baada ya mgomo wa wafanyakazi. Naona uchungu kila nikilisimulia jambo hilo. Heshima aliipata akiwa mzee sana: mwaka 2001 Disney walimtangaza kuwa mmoja wa magwiji wao. Alifariki mwaka 2016, akiwa na umri wa miaka 106.

Sasa tuiwashe kompyuta. Programu ya Krita hailipiwi, na ukiwa na simu tu, ibisPaint inatosha kuanzia. Vifaa vimebadilika, lakini tabu iliyowasumbua watu wa Bambi ni ileile, tena imezidi. Brashi za kidijitali zinaweza kukumwagia majani elfu kwa mpigo mmoja, na unaweza kuikuza picha mpaka ukachora chungu anayepanda shina. Na mtazamaji ana muda gani? Picha ya ukutani mtu anaweza kuitazama hadi atosheke. Mandhari ya katuni huenda yakakaa kwenye skrini sekunde tatu, nne, kisha yamekwenda. Katika sekunde hizo mtazamaji anapaswa kujua tuko wapi, ni saa ngapi, na mhusika yuko upande gani. Chungu wako hataonekana.

Kwa hiyo msianze kwa kukuza. Anzeni kwa picha ndogo, ukubwa wa kiberiti, na ziwe kadhaa kwenye ukurasa mmoja. Tena msitumie rangi. Chagueni ung'avu wa aina tatu tu: wa giza, wa kati na wa mwanga. Programu huupa kila ung'avu namba, kuanzia 0 ambayo ni nyeusi kabisa hadi 255 ambayo ni nyeupe kabisa. Mimi hupenda kuanza na 40, 120 na 210, nikiziacha ncha mbili kwa ajili ya baadaye. Kwa hizo tatu, pangeni maumbo makubwa: huku giza, kule mwanga. Msizigawe sawasawa. Mmoja utawale zaidi ya nusu ya picha, wa pili ufuate, na wa tatu uwe haba, kwa sababu kilicho haba ndicho jicho hukikimbilia. Ukiwa na picha yenye giza tele na kipande kimoja cha mwanga, mtazamaji ameshafika pale kabla hajajua kwa nini.

Hapo ndipo penye siri ya kazi yote. Jicho huvutwa na tofauti kali. Mahali giza linapogusana na mwanga, mahali ukingo ulipo mkali ilhali kingo nyingine zimelegea, mahali rangi nyekundu inapotokea katikati ya majivu, jicho linatua. Basi tofauti kali kuliko zote iwekeni pale atakapopita mhusika, na kwingine kote ipunguzeni. Mtasikia watu wakifundisha kanuni ya theluthi, kwamba ugawe picha kwa mistari miwili ya wima na miwili ya ulalo, uweke jambo kuu inapokutana. Ni kanuni nzuri ya kuanzia. Lakini nimeona picha nyingi zilizotii theluthi zikashindwa, kwa kuwa ung'avu wake ulikuwa umetapakaa ovyo.

Tuchore mandhari moja pamoja. Nachagua kichochoro cha Mji Mkongwe, Zanzibar. Nyumba ni ndefu, kuta zimepakwa chokaa, njia ni nyembamba, na huko juu anga limebaki ukanda tu. Ni saa tisa alasiri. Kichochoro kinatoka kaskazini kwenda kusini, kwa hiyo jua limeshaegemea magharibi. Mhusika wetu ni msichana mwenye gauni jekundu; tumwite Zuhura. Anatoka kwenye giza la kichochoro akielekea kwetu.

Kabla ya kugusa rangi yoyote, jiulizeni nuru inatoka wapi. Chora mshale kwenye tabaka la pembeni, yaani karatasi nyingine ya kidijitali juu ya picha, ukionyesha jua lilipo, na usiufute hadi kazi iishe. Jua likiwa magharibi, ukuta wa magharibi, ule unaolipa jua kisogo, wote umo kivulini. Ukuta wa mashariki unapata jua sehemu ya juu peke yake, maana nyumba za ng'ambo zimelizuia lisishuke. Sakafu ya njia yote ni kivuli. Sasa Zuhura atapata wapi nuru? Hapa mchoraji ana ruhusa ya kujenga mji anavyotaka. Upande wa magharibi, katikati ya njia, naacha uwanja mdogo usio na nyumba. Kupitia pengo hilo jua linaingia na kulala juu ya sakafu, kipande chenye pembe, kinachong'aa. Ndiyo namba 210 yetu, nayo ni haba. Kuta mbili za giza zinaibana kutoka kushoto na kulia. Mistari ya vibaraza, ya madirisha na ya nyaya za umeme yote inateremka kuelekea palepale. Zuhura akiweka mguu pale, hakuna mtazamaji atakayemkosa.

Sasa rangi. Wengi wakifika kwenye kivuli huchukua nyeusi. Tokeni nje mtazame kivuli cha kweli, wanangu, mtakuta si cheusi hata kidogo. Kivuli ni mahali ambapo jua halifiki moja kwa moja, lakini nuru nyingine inafika. Mchana ulio wazi, anga lote la buluu ni taa kubwa iliyoning'inia juu yetu. Kila sehemu ya kivulini inayotazama juu, kama sakafu na mgongo wa kibaraza, inapokea ubuluu huo. Kisha upo ule ukuta wa mashariki, uliopigwa jua huko juu. Chokaa inairudisha nuru, nayo inaangukia ukuta wa ng'ambo ikiwa na joto la manjano. Kwa hiyo ndani ya kivuli kimoja mna baridi inayotoka angani na joto linalotoka ukutani. Ukizipaka hizo mbili kwa upole, kichochoro kinapumua. Giza halisi libakie kwenye mianya tu: chini ya kibaraza, nyuma ya mlango ulio wazi nusu, pale ukuta unapokutana na sakafu, maana huko nuru ya anga na ya ukuta zote hazipenyi.

Na saa ya siku iwe ni uamuzi, isitokee tu. Sisi tunaoishi karibu na ikweta tunajua kwamba saa sita mchana jua husimama karibu utosini, kivuli kikajificha chini ya miguu. Nuru hiyo ni kali na inakifanya kila kitu kuwa bapa. Inafaa kwa kisa cha kiu, cha uchovu au cha sokoni penye msongamano. Saa kumi na moja jioni nuru inapita kwenye hewa nyingi zaidi kabla ya kutufikia. Chembe za hewa hutawanya buluu kuliko rangi za joto, basi kinachobaki ni manjano na wekundu, na vivuli vinakuwa virefu vyenye urangirangi wa zambarau. Jioni ni nzuri mno, na ndiyo maana kila mchoraji chipukizi huitumia kila mara. Msiitumie ila kisa kikiihitaji.

Hewa hiyohiyo ndiyo inayotupa umbali. Mkisimama mkatazama milima ya Usambara kutoka mbali, mlima wa karibu ni wa kijani, wa nyuma yake una ubuluu, na wa mwisho unakaribia kufanana na anga. Kwenye picha, vya mbali vipungukiwe giza, vipungukiwe ukali wa kingo, na viisogelee rangi ya anga. Watu wa Bambi walitumia ukungu kufanya kazi hiyo. Hata ndani ya kichochoro unaweza kuweka vumbi kidogo au moshi wa jikoni, mwisho wa njia ukafifia.

Kuhusu matabaka ya kompyuta, ambayo mafundi huyaita leya, yana historia yenye kupendeza. Mjerumani Lotte Reiniger, katika filamu yake ya mwaka 1926 kuhusu mwana wa mfalme Achmed, alipanga vioo kimoja juu ya kingine, akaweka karatasi alizokata kwa mkasi kwenye kila kioo, na kupiga picha kutoka juu. Disney nao wakajenga kamera kubwa ya vioo vya namna hiyo, wakaionyesha katika The Old Mill ya mwaka 1937. Kioo cha mbele kikisogezwa haraka na cha nyuma polepole, mtazamaji anahisi kina cha msitu. Leya zenu ni vile vioo. Mti wa mbele uwe kwenye leya yake, nyumba kwenye yao, milima na anga kwenye zao. Na tafadhali, nyuma ya mti malizieni uchoraji. Kamera ikiteleza kando na mti ukasogea, pasionekane tundu jeupe. Ikiwa kamera itateleza, picha iwe pana kuliko skrini. Kama skrini ni pikseli 1920 kwa 1080, upana wa picha unaweza kuhitajika mara mbili yake.

Leya zina pia namna zinavyochanganyika. Moja huitwa maltiplai, yaani kuzidisha, na inafanya hesabu kweli. Nyeupe ni 1, nyeusi ni 0, na kila rangi imo katikati. Programu inazidisha namba ya juu kwa ya chini: 0.5 mara 0.5 inatoa 0.25, rangi inakuwa nzito. Chochote mara 1 kinabaki vilevile, kwa hiyo nyeupe haionekani kabisa. Ndiyo maana leya hii ni nzuri kwa vivuli. Paka kichochoro chote kana kwamba nuru ni sawa kila mahali, weka juu yake leya ya maltiplai yenye buluu iliyofifia, halafu futa pale jua linapoangukia. Mlango uliochongwa na nyufa za chokaa vitaonekana bado chini ya kivuli. Leya inayoitwa skrini hufanya kinyume, hung'arisha, nayo inafaa kwa miali inayopita kwenye vumbi. Hiyo itumieni kwa kujizuia. Picha nyingi ninazoonyeshwa na vijana zimeharibiwa na mng'ao uliowekwa kila kona, na mng'ao ulio kila kona haumwelekezi mtu popote.

Nuru husimulia hata hisia. Kabla ya filamu ya The Lion King ya mwaka 1994, baadhi ya watengenezaji wake walisafiri hadi Kenya, wakatembelea Hell's Gate karibu na Naivasha, wakachora miamba na nyasi. Tazameni walivyoitumia nuru ile: filamu inafunguka kwa rangi ya machungwa ya mapambazuko, na Scar, simba mwovu, akishatawala, nchi ileile inakuwa majivu. Miamba haikuhama. Kwa sababu hiyo, kabla ya kuchora mandhari makubwa, studio huandaa safu ya picha ndogo za rangi kutoka mwanzo wa filamu hadi mwisho, waone joto na baridi vinavyopokezana.

Wala msidhani nuru na kivuli ndiyo njia pekee. Edward Saidi Tingatinga, aliyeishi kati ya 1932 na 1972, alichora jijini Dar es Salaam kwa rangi ya baiskeli juu ya mbao bapa, na wafuasi wake wanaendelea hadi leo. Katika picha za aina hiyo ni nadra kuona jua lina upande. Mnyama anasimama mbele ya rangi moja safi, mwili wake umejaa madoa na mistari, na jicho halibabaiki hata kidogo. Katuni za Tinga Tinga Tales, zilizotengenezwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa mwaka 2010, zilifuata mtindo huo. Kilichoongoza jicho pale ni rangi kugombana na rangi, na madoa kukaa juu ya utulivu.

Turudi kichochoroni tumalize. Punguza picha hadi iwe ndogo kama kiberiti tena, ondoa rangi zote, kisha igeuze kushoto kuwa kulia. Makosa uliyoyazoea yatajitokeza. Halafu kwenye leya mpya mchore Zuhura kwa rangi moja tu, umbo tupu, umweke sehemu tatu: mbali kwenye giza, ukingoni mwa nuru, na katikati ya nuru. Akipotea mahali ambapo kisa kinataka aonekane, usimguse Zuhura. Rekebisha ukuta wa nyuma yake, uufifishe au uupe giza, na kama kuna dirisha lenye nakshi nyuma ya kichwa chake, liondoe.

Kisha mfunge Zuhura kwenye nuru ya mahali. Akiwa kivulini, gauni lake jekundu lipate leya ya maltiplai yenye buluu ileile uliyoitumia kwa kuta, la sivyo ataonekana amebandikwa. Anapoingia kwenye kipande cha jua, ukingo wa kivuli ukate mwili wake kwa mteremko uleule unaokata ukuta. Sakafu iliyopigwa jua irudishe joto kidogo chini ya kidevu na kwenye upindo wa gauni. Kivuli chake kielekee mashariki, kwa sababu ni saa tisa, na kianzie kwenye nyayo zake, si hatua moja pembeni.